Mlango Ulioandikwa USIGUSE

Wiki tatu nimeichora ngome hii
kwa penseli, jikoni, nikishatoka zamu ya usiku.
Kila ukumbi nimeupima kwa rula.
Mlinzi wa daraja nimempa jina, mke, na maradhi ya mgongo.
Mfalme nimemwandikia hotuba, kurasa mbili,
maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

Hawakuisikia.
Delphine alimtupia mfalme kiatu
kabla sijamaliza "Karibuni, enyi wasafiri".

Ni Ijumaa, Sudbury, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
chumba kilicho chini ya duka la misumari la Orval.
Tanuri linaguna. Jozi tano za buti zinachuruzika mlangoni.
Mafuta ya chipsi yameingia kwenye ramani yangu, yameunda ziwa
ambalo sasa wanataka kulivuka.
Na dadu la nyuso ishirini, jekundu, limemeguka pembe moja:
kila mtu hapa anaamini lina kinyongo naye.

Nawaambia, mbele yenu pana mlango.
Wa chuma. Umeandikwa USIGUSE
kwa lugha ya watu, ya vibeti, na ya mizimu.
Chini yake imelala mifupa ya waliogusa.
Mkono mmoja bado unaonyesha njia ya kurudi.

Kimya.
Theluji inateleza paani.

"Naugusa," anasema Orval.

Huyu Orval, jamani,
miaka thelathini na moja kwenye mgodi wa nikeli,
hakupita chini ya mwamba bila kuugonga kwa mtaimbo
asikie unajibu nini.
Huyu hufunga mkanda kwa kulisogeza tu gari uani.
"Naugusa. Kwa mikono miwili.
Na ulimi."

Meza ikalipuka. Mji huu,
hakuna mtoto asiyejua chuma cha Januari hufanya nini na ulimi.

Nikamuuliza: una hakika?
Kwa mtambaji swali hilo ni king'ora;
mwenye masikio husikia akakimbia.
Hawa walisikia wakavuta viti karibu.

Dadu likabingirika, likagonga bakuli, likatulia.
Moja.

Basi, ulimi ukanasa.
Tavish, dereva wa katapila la theluji, akaona amnasue kwa moto.
Moto ukayakuta mapipa ya lami niliyoyataja mara nne.
Delphine akajitosa dirishani na hazina kifuani;
dirisha, nilishasema, lilikuwa limechorwa ukutani.
Na mpwa wangu Mundhir, anayesomea uhasibu,
akalikopesha joka dhahabu yetu yote
kwa riba ya asilimia sita, bila mdhamini.

Kurasa arobaini. Dakika kumi na moja.

Ulimi wangu, haukunasa popote, ulikuwa tayari:
asiyesikia la mkuu...
nikaumeza mwanzo wake na mwisho wake.
Nani aliuweka mlango pale?
Nani alikaa mpaka saa kumi alfajiri
akikichorea kitasa chake vichwa vya simba?

Orval akafuta machozi ya kicheko,
akakunja karatasi ya shujaa wake, akaitia kwenye boksi la viatu
pamoja na wengine kumi na watatu,
kila mmoja na jina lake, kila mmoja na kosa lake.
"Kule chini," akasema, bila kunitazama,
"hatukupewa karatasi ya pili."
Akachonga penseli.
"Huyu mpya anaogopa maji. Andika. Tuanzie ziwani."

Saa saba usiku narudi kwa miguu.
Kwenye kivuko taa ni nyekundu, na gari hakuna,
kulia hakuna, kushoto hakuna, mpaka mwisho wa barabara.
Nimesimama, kama nilivyosimama miaka tisa,
mtu wa vibali, mtu wa mihuri.
Mfukoni nakuta dadu. Sikumbuki kulichukua.
Una hakika?
Nikalirusha.
Likazama thelujini, shimo dogo, safi,
na mimi nikapiga magoti, glavu kwenye meno,
nafukua namba yangu kwa vidole,
taa ikiwa kijani, kisha nyekundu, kisha kijani.